Pesa ya malipo inatoka mfukoni mwa nani? Upatu, piramidi na biashara ya mtandao

Kinachowanasa watu wengi kwenye upatu ni kwamba malipo ya mwanzo huwa ya kweli. Jirani ameweka laki moja, baada ya mwezi mmoja amepokea laki na nusu, meseji ya muamala anamwonyesha kila anayetaka kuiona, na pesa yenyewe ameshanunulia mabati. Ukimwambia huo ni utapeli atakucheka, na ana sababu ya kukucheka, kwa kuwa yeye hajatapeliwa. Amelipwa. Asichojiuliza ni pesa aliyolipwa imetoka mfukoni mwa nani.

Swali hilo moja ndilo nitakaloling'ang'ania hapa, kwa sababu bila jibu lake huwezi kujua kama ulichoitiwa ni biashara au mtego, hata ukikagua vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani.

Tuanze na mtu ambaye jina lake limegeuka kuwa jina la mchezo wenyewe. Charles Ponzi, mhamiaji wa Kiitaliano aliyeishi Boston, Marekani, aliwaahidi watu mwaka 1920 faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45. Maelezo yake yalikuwa yanaeleweka: kuponi za posta za kimataifa zilinunuliwa kwa bei ya chini katika nchi ambazo sarafu zake zilikuwa zimeporomoka baada ya vita, kisha zikabadilishwa Marekani kwa stempu za thamani kubwa zaidi. Kuponi zilikuwepo, na tofauti ya bei ilikuwepo. Gazeti la Boston Post likamwomba mchambuzi wa fedha Clarence Barron apige hesabu, naye akaonyesha kwamba ili mradi uende kama unavyodaiwa zingehitajika kuponi milioni 160. Zilizokuwa mikononi mwa watu dunia nzima zilikuwa kama 27,000. Waliolipwa walikuwa wanalipwa pesa za waliokuja nyuma yao. Miezi michache tu baada ya kuanza, mradi ukaanguka.

Hadithi ya kuponi ilifanya kazi ileile inayofanywa leo na hadithi ya kuku, ya dhahabu, ya sarafu za kidijitali au ya kutazama matangazo kwenye simu. Inampa mtu jibu la kumjibu mkewe anapoulizwa faida yote hiyo inatokana na nini. Haihitaji kuwa kweli, inahitaji tu kumtosheleza muulizaji wa kwanza.

Sisi Watanzania tuna mradi wetu wa upatu, DECI. Mtandao huo ulitumia lugha ya makanisa ya kilokole: mtu hakuambiwa anaweka pesa, aliambiwa anapanda mbegu, na malipo yake yaliitwa mavuno. Lugha hiyo ilikuwa na nguvu kuliko tangazo lolote. Anayepanda hatarajii kuvuna kesho, kwa hiyo kusubiri kulionekana jambo la kawaida. Na kuuliza mbegu inaota wapi kulionekana upungufu wa imani, tena mbele ya wachungaji na waumini wenzako. Mwaka 2009 Benki Kuu ya Tanzania na vyombo vya dola viliingilia kati, akaunti zikazuiwa, kesi ikapelekwa Mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 baadhi ya wakurugenzi wakatiwa hatiani. Maelfu ya waliokuwa wamepanda na bado hawajavuna waliilaumu serikali kuliko waendeshaji. Kwa macho yao, mradi ulikuwa unalipa vizuri mpaka serikali ilipoufunga. Huo ndio ubaya wa mchezo huu: unalipa mpaka siku unapoacha kulipa, na aliyeusimamisha ndiye anayeonekana mwizi.

Kenya walikuwa wameshapitia hayohayo miaka miwili hivi kabla. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kilieleza kwenye ripoti yake ya 2009 kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya katika miradi ya aina hii. Wakongo waliokuwa watu wazima mwaka 1991 wanaukumbuka mradi wa aina hiyohiyo, Bindo Promotion ya Kinshasa. Albania, mwaka 1997, miradi hiyo ilipoanguka karibu kwa mpigo, nchi iliingia kwenye machafuko yaliyoua watu wapatao 2,000 na serikali ikaanguka.

Hapa wapo wanaosema, mbona akina mama wanacheza upatu mitaani na hakuna anayelia? Ni kweli, na tofauti yake ni ya hesabu. Kwenye mchezo wa mtaani watu kumi wanatoa elfu 50 kila mwezi, kila mwezi mmoja anabeba laki tano, na mzunguko ukiisha kila mtu ametoa laki tano na amepokea laki tano. Hakuna aliyeahidiwa faida. Idadi ya watu inajulikana tangu mwanzo, na mchezo hauhitaji mtu wa kumi na moja. Ndivyo ilivyo kwa chama cha Kenya na likelemba ya Kongo. Hatari yake ni mtu kubeba mapema kisha kuacha kuchangia, na kwa hilo kuna udugu, ujirani na aibu ya kumrudisha kundini. Upatu wa kitapeli unaazima jina la mchezo huo na heshima yake, kisha unaongeza kitu ambacho mchezo wa kweli hauna kabisa: ahadi kwamba kila mmoja atatoka na zaidi ya alichoingia nacho. Hapo lazima mtu mwingine aingie.

Hesabu isiyomhurumia mtu

Tuchukue mpango unaosema kila aliyejiunga alete watu sita tu. Sita ni wachache, nani hana ndugu na marafiki sita? Ngazi ya kwanza ni watu 6, ya pili 36, ya tatu 216. Ngazi ya sita wanafika 46,656, uwanja mkubwa wa mpira uliojaa. Ngazi ya kumi peke yake inahitaji watu 60,466,176. Sensa ya 2022 iliwahesabu Watanzania wote, pamoja na watoto wachanga, wakafika 61,741,120. Ngazi ya kumi na tatu inahitaji watu zaidi ya bilioni 13, na dunia haina watu hao.

Hata hivyo, kuisha kwa watu siyo jambo baya kuliko yote katika hesabu hiyo. Baya zaidi ni kwamba wakati wowote utakapousimamisha mpango huu wa ngazi, yaani piramidi ya sita sita, iwe ngazi ya tano au ya tisa, watu watano kati ya kila sita wako ngazi ya mwisho. Hawajaleta mtu, wametoa tu. Ukiwaongeza na waliopo ngazi iliyo juu yao, unapata asilimia 97 ya watu wote. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaoshindwa huambiwa walikuwa wavivu, hawakuwa na ndoto, walikata tamaa mapema. Si kweli. Nafasi za chini zimetengenezwa na mpango wenyewe, na mtu angejituma vipi, lazima wengi wakae pale. Kila mtu akijituma, wanaokaa chini wanazidi kuwa wengi.

Mtu makini atauliza: kama ni hivyo, mbona kuna kampuni za mfumo huu zenye miaka arobaini na hazijaishiwa watu? Kwa sababu piramidi halisi haipandi kwa unadhifu wa ubaoni. Watu wa chini huchoka, wanaondoka kimyakimya bila kumwambia mtu, na nafasi zao zinajazwa na wapya: wahitimu wa mwaka huu, waliostaafu mwaka huu, mji ambao haujafikiwa. Kampuni inaweza kuishi miaka mingi kwa kupoteza watu chini na kuingiza wengine palepale. Kudumu kwake kunakuonyesha kwamba bado inapata watu wapya, basi. Hakukuonyeshi kama waliojiunga wanapata faida.

Biashara ya mtandao iko upande gani?

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, na nitajitahidi kutowaonea watu. Biashara ya mtandao, ambayo mtu anauza bidhaa na pia anapata kamisheni kwa mauzo ya watu aliowaingiza, siyo haramu yenyewe kwa yenyewe. Yapo mazingira ambayo mama anauza vipodozi kwa wateja wake, anapata kamisheni yake, na hana habari na semina wala safu ya watu chini yake. Huyo ni muuzaji.

Kipimo cha kuwatenganisha kilichorwa vizuri Marekani miaka ya 1970. Katika kesi ya kampuni ya vipodozi ya Koscot, mwaka 1975, Tume ya Biashara ya Marekani ilisema piramidi ni pale mtu anapolipa pesa ili apate haki mbili: haki ya kuuza bidhaa, na haki ya kulipwa kwa kuingiza watu, malipo yasiyotegemea bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho. Miaka minne baadaye tume hiyohiyo iliamua kwamba Amway haikuwa piramidi, kwa kuwa ilikuwa na kanuni za kuwazuia wasambazaji kurundika mzigo ndani: walitakiwa kuuza sehemu kubwa ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine, kuonyesha kwamba wana wateja wa rejareja, na mzigo usiouzika ungeweza kurudishwa. Tangu wakati huo kila kampuni ya aina hii hujinasibisha na uamuzi ule. Lakini kuwa na kanuni kwenye karatasi na kuzitekeleza Mbagala au Kisumu ni mambo mawili.

Bidhaa, kwa hiyo, haithibitishi chochote. TelexFree ilikuwa na bidhaa: huduma ya kupiga simu kwa intaneti. Ilikusanya watu katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, na kuwalipa kwa kubandika matangazo mtandaoni. Ilipofunguliwa mashtaka mwaka 2014, Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji ya Marekani ilieleza kwamba mauzo ya huduma hiyo yalikuwa kama dola milioni 1.3, wakati ahadi za malipo kwa wanachama zilizidi dola bilioni 1.1. Yaani wateja wa kweli walichangia kama asilimia 0.1 tu ya kilichohitajika. OneCoin iliuza vifurushi vya masomo kuhusu sarafu ya kidijitali, ikafika hadi Uganda, na mwanzilishi wake Ruja Ignatova akatoweka Oktoba 2017. Waendesha mashtaka wa Marekani wanataja zaidi ya dola bilioni 4 zilizokusanywa.

Njia rahisi ya kuipima bidhaa ni hii: je, mtu asiye na mpango wa kujiunga angeinunua, kwa bei hiyo, halafu arudi kuinunua tena? Dawa ya meno inayouzwa mara tano ya ile iliyopo dukani, na wanaoinunua ni wanachama peke yao, ni kiingilio kilichofungwa ndani ya boksi. Saa, maji, kahawa, vidonge vya virutubisho, ni vilevile.

Halafu kuna mpango wa malipo, sehemu ambayo watu huielewa wakiwa wameshachelewa. Mipango mingi humtaka mwanachama anunue bidhaa za kiasi fulani kila mwezi ili aendelee kuhesabika kuwa hai. Asiponunua, kamisheni za mwezi huo zinampita hata kama walio chini yake wamefanya kazi. Tuseme ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwezi huu akapata kamisheni ya 90,000, ataposti picha ya muamala wa 90,000, na hatadanganya. Ile 150,000 iliyotoka haina picha. Katika mipango ya miguu miwili, yaani safu mbili za watu chini yako, ya kushoto na ya kulia, malipo hufuata mguu ulio dhaifu: ukiwa na watu arobaini kulia na watatu kushoto, unalipwa kwa kipimo cha wale watatu. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Nimebakiza mtu mmoja tu kushoto, nifunge." Na kwa kumtafuta huyo mmoja, wapo waliojaza nafasi kwa jina la mama yao na pesa yao wenyewe.

Mwaka 2016 Herbalife, kampuni ya virutubisho ya mfumo huu, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo nchini Marekani, ili angalau theluthi mbili za malipo ya wasambazaji zitokane na mauzo ya rejareja yanayoweza kuthibitishwa. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ilichapisha uchambuzi wa taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za mfumo huu. Katika taarifa hizo, walio wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka, na nyingi hazikutaja gharama za mwanachama. Hizo ni takwimu za kampuni zenyewe, zilizoandikwa kwa nia ya kuvutia watu.

Ndani ya semina

Mwaliko hautaji kitu. "Kuna fursa, vaa vizuri, njoo saa nne, nitakueleza ukifika." Wanaoalika wamefundishwa kutoeleza kwenye simu, na kabla ya hapo wameandikishwa orodha ya majina, mara nyingi mia moja: uliosoma nao, unaosali nao, mliokaa mtaa mmoja, hata fundi wako wa cherehani. Ukumbini kuna muziki na watu wanaopiga makofi wakijua lini wapige. Msemaji haanzi na bidhaa. Anaanza na mshahara wako, kodi ya nyumba, bosi wako, mzazi wako anayeumwa kijijini, na anaisema shida yako vizuri kuliko ulivyowahi kuisema mwenyewe. Kisha anachora duara ubaoni, chini yake maduara mawili, chini yake manne. Anafuata dada aliyekuwa hana kitu na sasa anajenga. Anayetaka kuuliza maswali anaambiwa yatajibiwa baadaye na "kiongozi" wake, faragha, na faraghani anaambiwa maswali mengi ni dalili ya mtu anayeogopa mafanikio. Fomu inajazwa siku ileile. Asiye na pesa anashauriwa auze simu, akope kwa jamaa, au achukue mkopo wa kausha damu "kwa muda tu".

Angalia aliyekaa kiti cha pembeni yako ukumbini. Ni rafiki yako, aliyekuleta, na yeye anasubiri kurudisha pesa yake. Hapo ndipo moyo wangu unapouma hasa kuhusu biashara hizi. Zinachukua kitu ambacho maskini anacho kingi kuliko pesa, yaani kuaminiwa na watu wake, na kukiuza kwa bei ya kiingilio kimoja. Mambo yakiharibika, aliyeibiwa hawezi kupiga kelele bila kujitaja, maana shemeji yake na mwenzake wa kwaya waliingia kwa mkono wake. Wengi wananyamaza, na ukimya huo unampa mwendeshaji nafasi ya kufungua mradi mwingine kwa jina jipya.

Siku hizi ukumbi umehamia kwenye simu. Mwanzoni mwa 2025 polisi wa Tanzania walikamata watu katika sakata la LBL, ambapo watu walilipia ngazi fulani ili walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye programu, na wakaongezewa kwa kuleta wengine. Hebu fikiria mwenye filamu. Anapata nini mtu wa Tabora akibofya tangazo lake mara kadhaa kwa siku, hata aweze kumlipa zaidi ya mshahara wa mwalimu? Swali letu likiulizwa hapo, halina jibu isipokuwa moja.

Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 171A, inaitaja kuendesha mradi wa upatu kuwa kosa la jinai, na kupokea amana za umma bila leseni ya Benki Kuu ni kosa jingine. Kinachowachanganya watu ni vyeti. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kinaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa, na namba ya mlipakodi inaonyesha kwamba TRA, mamlaka ya mapato, wanaijua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoruhusu kuchukua pesa za watu kwa ahadi ya faida. Ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu au na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kwa Kenya na Benki Kuu ya Kenya au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha za wenye leseni zipo wazi kwenye tovuti zao. Kwa kulinganisha, hatifungani za muda mrefu za serikali ya Tanzania zimekuwa zikilipa riba ya kama asilimia 12 hadi 16 kwa mwaka miaka hii ya karibuni. Anayekuahidi asilimia 30 kwa mwezi anakwambia kwamba laki yako, ukiiacha izalishe humohumo, itapita milioni mbili na laki tatu ndani ya mwaka. Mwenye biashara ya kuzalisha hivyo angekopa benki, asingehitaji laki yako.

Kama umeshaingia, usiongeze pesa kwa matumaini ya kuikomboa ile ya kwanza, na usimwingize mtu mwingine. Hifadhi meseji za miamala, namba zilizopokea, majina ya magrupu, picha za skrini za salio, kabla programu haijafungwa na grupu halijafutwa, kisha peleka polisi. Waambie uliowaleta, hata kama watakasirika, tena waambie kabla tarehe ya kununua mzigo wa mwezi haijafika. Na jihadhari na wimbi la pili linalofuata kila mradi unapoanguka: ujumbe unaosema salio lako lipo salama, linasubiri tu ulipe kodi au ada ya kulifungua. Usilipe. Kodi ya TRA hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na TRA wenyewe, haitumwi kwenye namba ya simu ya kiongozi wa grupu.